Kikombe cha Kwanza

Mwenyekiti Mwandoe alifika kwa Mghoi alasiri, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akaanza kuizungusha kofia yake mapajani. Alikuwa amekuja kusema jambo jema, na wema wenyewe ndio uliomtia kigugumizi.

"Zamu imefika kwako," alisema. "Nyumba ya thelathini na tisa imemaliza mwaka wake. Ya arobaini ni ya wale maarusi, nao bado hawajatimiza miaka ya kushika zamu. Kwa hiyo tunarudi mwanzo, na mwanzo ni wewe. Lakini kamati imekaa. Tumeona, kwa yaliyokupata, tunaweza kukuruka."

Mghoi alikuwa akichambua maharagwe. Akatoa kijiwe, akakiweka pembeni.

"Nyumba hii imesharukwa mara moja," alisema.

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali, Mwandoe angejua la kumjibu, maana kazi ya mwenyekiti ni kutukanwa na kunyamaza. Alisema kama mtu anayekukumbusha kwamba leo ni Jumanne.

"Na unajua anayekufundisha ni yule anayetoka," Mwandoe alisema.

"Najua."

"Ni Mwadime."

"Mwenyekiti, nimeshasema najua."

Mwandoe akavaa kofia yake. Alipofika mlangoni akageuka, akaitazama namba 1 iliyopakwa rangi ya buluu kwenye ubao, namba ya kwanza kupakwa Ndolwe nzima, akaondoka bila kuaga vizuri.

Usiku huo Mghoi alitoa sahani mbili kabatini, akarudisha moja. Alikuwa akifanya hivyo kila siku kwa muda wa mwaka mzima. Hakulia. Machozi yalikwisha mwezi wa kwanza, na kilichobaki baada ya hapo hakikuwa na jina. Alikula kwa sababu ni saa ya kula, akalala kwa sababu kitanda kilikuwa pale.

* * *

Chumba cha mgao kilikuwa chini ya kilima, baridi na chenye harufu ya chuma kibichi. Ukutani yalipangwa mabomba arobaini, kila moja na kibao chenye jina la nyumba. Katikati palikuwa na meza, na juu ya meza mashine yenyewe: skrini ndogo, kibodi iliyofutika herufi, na waya mnene ulioingia sakafuni.

Siku za Jua Kuu, king'ora kikilia Ndolwe, una nusu saa tu. Baada ya hapo milango yote inajifunga yenyewe, na ulipo ndipo utakaposhinda mpaka jioni, kwa kuwa nje hakuna kiumbe anayemaliza dakika kumi. Kinachowaweka watu hai ndani ni maji. Yanatolewa chini kabisa ya kilima, yakiwa ya baridi, yanapitishwa ndani ya kuta za nyumba moja, halafu ya pili, halafu ya tatu, mpaka zote ziishe, na kila saa kazi inaanza upya. Nyumba isiyopata maji inageuka tanuri kabla ya adhuhuri.

Kule walikotoka wazee wa Ndolwe, maji yaligawiwa na mashine zinazojiamulia. Siku moja mashine hizo zilipiga hesabu zao, zikaona mtaa wao una vikongwe wengi na wagonjwa wengi, zikafunga koki. Mlango wa kila nyumba iliyofungiwa ulipigwa alama ya sifuri. Waliopona walikuja kuijenga Ndolwe, wakaweka sheria kwamba hapa mgao utaandikwa na mkono wa mtu mwenye jina, nyumba kwa nyumba, zamu ya mwaka mmoja mmoja, na mashine itakuwa jinga kiasi cha kutenda lile tu ililoambiwa. Na ndiyo maana mpaka leo hakuna mtoto wa Ndolwe anayeruhusiwa kuchora duara kwenye mlango wa mtu. Bibi akikukuta na chaki unachora, utapigwa kofi kwanza na kuulizwa baadaye.

Mwadime alikuwa amesimama kando ya meza. Alikuwa mwashi, mtu wa mikono mipana, na katika mwaka ule mabega yake yalikuwa yameshuka. Akavuta kiti.

"Karibu, Mama Wakesho."

Watu wote wa Ndolwe walikuwa wameacha kumwita hivyo. Siku hizi alikuwa dada, au shemeji, au Mghoi tu, na wengine walikohoa kwanza ili wasimwite chochote. Huyu peke yake ndiye aliyemwita kwa jina la mtoto, na huyu ndiye aliyemuua mtoto mwenyewe. Mghoi alingoja hasira ije. Haikuja. Akakaa.

"Anza," alisema. Zamani alikuwa akimwita Baba Mkamburi. Sasa hakumwita kitu.

Mwadime akapanga vikombe sita vya bati chini ya mirija midogo sita ya mazoezi. Akamfundisha amri moja: *jaza kikombe*. Siku hiyo ya kwanza Mghoi aliandika mistari sita, kila kikombe na mstari wake, na vikombe vikajaa.

"Sasa fikiria nyumba arobaini," Mwadime alisema. "Mistari arobaini, kila saa. Utakosea tu. Ndiyo maana tunaiambia mashine irudie. Unaandika mstari mmoja, unaiambia ianzie wapi, iishie wapi, na kila ikimaliza isonge hatua moja. Huo ndio mzunguko."

Siku ya pili alimwonyesha jinsi mashine inavyohesabu. Orodha yake haianzi na moja. Nafasi ya kwanza inaitwa sifuri, ya pili inaitwa moja, na kuendelea hivyo. Vikombe sita vina nafasi sifuri mpaka tano. Mghoi alikuwa karani wa zahanati, mtu wa daftari safi, kwa hiyo aliandika: *Mashine huanza na sifuri.* Akapigia mstari kwa rula.

Mstari huo huo ulikuwa kwenye daftari la Mwadime. Kamati ililichukua daftari lile mwaka jana, ikalipitisha mkononi mwa kila mtu mkutanoni: *Mashine inaanza na sifuri*, kwa mwandiko wa mtu aliyeacha shule darasa la sita, imepigiwa mstari mara mbili. Watu wakatazamana. Kumbe alijua.

Na hapo ndipo penye uzito wa habari hii. Mwaka jana maarusi walipomaliza nyumba yao, Mwadime alilazimika kuiandika upya programu ili nyumba ziwe arobaini. Aliiandika asubuhi, na king'ora kikalia saa tatu ya asubuhi hiyo hiyo. Mghoi alifungiwa zahanati. Wakesho, binti yake wa miaka kumi na saba, alifungiwa nyumbani, kwenye nyumba ya kwanza. Kutwa nzima, kila saa, mashine iliandika kwenye skrini: *Mzunguko umekamilika.* Jioni milango ilipofunguka, nyumba thelathini na tisa zilikuwa na kuta za baridi.

Programu ilikuwa imeanzia kwenye moja.

Sheria ya Ndolwe inasema programu inahukumiwa na anayepokea zamu, na lazima kwanza aweze kuiandika. Kwa hiyo kesi ilingoja mwaka mzima, mpaka ajifunze anayepokea zamu. Siku ya saba ya mafunzo angefungua kitabu cha makabidhiano na kuandika neno moja juu ya mwaka wa mwenzake: *Kosa*, au *Kusudi*. Akiandika Kosa, yamekwisha. Akiandika Kusudi, nyumba ya Mwadime inafutwa kwenye orodha, na yeye, mkewe na Mkamburi wao wanapewa siku tatu wawe wameondoka. Mji wa karibu ulikuwa mwendo wa siku tano kwa miguu, na Jua Kuu lilikuwa linakaribia.

Na sababu ya kukusudia ilikuwapo. Mwezi mmoja kabla ya siku ile, mkutanoni, Mghoi alisimama akasema zamu ya mwaka huo imemwangukia mtu anayesoma huku akifuata kwa kidole, na kwamba afadhali mgao angepewa mbuzi. Watu walicheka sana. Mghoi mwenyewe alicheka.

* * *

Siku ya tatu Mghoi aliandika mzunguko wake wa kwanza peke yake. Aliiambia mashine ianze, akaiambia ijaze, akabonyeza.

Kikombe cha kwanza kilijaa. Kikaendelea kujazwa. Maji yakamwagika mezani, yakatafuta ukingo, yakaanza kudondoka kwenye viatu vyake. Vile vikombe vitano vingine vilikaa vikavu. Mghoi aliyatazama maji yakimwingia viatuni na hakuinua mkono. Ni Mwadime aliyenyoosha mkono na kufunga koki.

"Hukuiambia isonge," alisema. "Umeiambia irudie, lakini hukuiongezea moja kila ikimaliza. Haitoki hapo. Itajaza kikombe hicho hicho mpaka kilima kikauke, na yenyewe inadhani inafanya kazi."

Mghoi akafikiria sahani mbili, moja ya kurudishwa.

"Mashine haijui kwamba inarudia?" aliuliza.

"Haijui. Kwake kila mara ni mara ya kwanza."

"Ina bahati."

Mwadime akachukua tambara, akapiga magoti, akaanza kupangusa sakafu, kisha akapangusa na viatu vya Mghoi, taratibu, kimoja baada ya kingine. Mghoi alimwacha. Aliutazama utosi wake wenye mvi na akajiuliza kama kumchukia mtu kunahitaji nguvu, maana yeye hakuwa nazo.

Siku ya nne akajifunza kuongeza moja. Siku ya tano akajifunza kuusimamisha mzunguko: unairuhusu mashine irudie maadamu namba iko chini ya idadi ya vitu, na ikifikia idadi hiyo inatoka. Mwadime alifundisha vizuri. Hakuharakisha, hakujisifu, na aliposoma skrini alifuata kwa kidole.

* * *

Siku ya sita Mwadime alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Leo mimi simo. Andika tangu mwanzo mpaka mwisho. Hata ukikosea sitasema kitu."

Mghoi alibandika karatasi kwenye vikombe ili mambo yawe kama ya kweli. Nyumba sita za kwanza kutoka langoni, kwa mpangilio wa milango. Kwa Mghoi. Kwa Mwandoe. Kwa Nyambu. Akaendelea hivyo mpaka cha sita. Daftari lake lilikuwa wazi pembeni, ukurasa wenye ule mstari wa rula. Akaandika:

*namba = 1*
*rudia, maadamu namba iko chini ya 6:*
*    jaza kikombe cha [namba]*
*    namba = namba + 1*

Akausoma mara mbili. Ulikuwa mzuri. Akabonyeza.

Maji yakaingia kwa Mwandoe. Yakaingia kwa Nyambu. Yakaenda mpaka cha sita, yakakatika yenyewe bila kumwagika hata tone, na skrini ikaandika: *Mzunguko umekamilika.*

Mghoi alihisi kitu kinachokaribia furaha, kidogo tu. Kisha akaona kikombe cha kwanza.

Akakiinua. Kilikuwa kikavu ndani, kina vumbi jembamba chini. Karatasi yake ilisema Kwa Mghoi.

Aliisoma programu tena. Ikabidi aisome mara tatu ndipo aione ile 1, akiwa ameiandika kwa vidole vyake mwenyewe, na daftari limefunguliwa pale pale kando ya kiwiko. Alikuwa amesema kimoyomoyo, nyumba ya kwanza, namba moja, na mkono ukaenda. Tangu alipozaliwa hakuwahi kuandika sifuri akimaanisha nyumba yenye watu. Mkono wa mtu wa Ndolwe haufanyi hivyo.

"Nilijua," alisema. "Nimeandika hapa. Nimepiga mstari."

Mwadime alikuwa amegeukia ukuta. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, na Mghoi akaelewa kwamba mtu huyu alikuwa akikingoja kikombe hiki tangu siku ya kwanza, na alikuwa akikiogopa.

"Kwa nini hukusema?" aliuliza. "Mwaka mzima. Mkutanoni walipolipitisha daftari lako, ulikaa kimya tu."

"Ningesema nini? Nilijua na nikaandika moja. Mimi mwenyewe sikuelewa inawezekanaje. Kuna siku nilidhani labda wanasema kweli, labda ndani yangu nilikusudia, maana uliwafanya watu wanicheke na roho iliniuma." Akajipangusa uso kwa mkono. "Lakini sikukusudia, Mama Wakesho."

Mghoi alikuwa bado ameshika kikombe.

"Ulimwonyesha mtu? Kabla ya king'ora?"

"Nilikuja kwako. Wewe ndiye msomi wa mtaa wetu. Niliinakili programu kwenye karatasi, nikafika mpaka mlangoni pako, saa mbili hivi, nikainua mkono nigonge. Nikakumbuka lile la mbuzi. Nikasema, nikigonga atawahadithia zahanati nzima. Nikarudi." Akaitazama sakafu. "Nilimsikia Wakesho ndani anaimba. Nikarudi."

Bomba moja lilitoa mlio mdogo wa chuma kupoa.

Mghoi aliketi chini, sakafuni kabisa, na kikombe mapajani. Kitu kilimuuma kifuani, na kwa kuwa ilikuwa mwaka mzima hajaumwa, alidhani kwanza ni ugonjwa. Uchungu ulikuwa mkubwa kuliko chumba. Wakesho alikuwa akiimba asubuhi ile. Hakuna aliyewahi kumwambia. Alilia kwa sauti mbaya, ya kukwaruza, na Mwadime akaketi naye sakafuni, mbali kidogo, hakumgusa wala hakumwambia apoe.

"Ulikuwa wimbo gani?" Mghoi aliuliza baadaye.

"Sijui nyimbo zao. Ulikuwa wa haraka haraka. Alikuwa akikosea maneno na kuanza upya."

* * *

Siku ya saba Mwandoe alileta kitabu cha makabidhiano, akakifungua mezani, akampa Mghoi kalamu. Wanakamati wawili walisimama mlangoni. Mke wa Mwadime alikuwa nje na Mkamburi wake, na miguuni pao palikuwa na mabegi mawili yaliyokwisha kufungwa. Hawakuwa watu wa kujidanganya.

Mghoi aliandika: *Kosa.* Sheria ilitaka neno moja, lakini yeye akateremka mstari, akaendelea, na Mwandoe hakuthubutu kumzuia. *Alikuja mlangoni kwangu nimwangalizie kazi, akaogopa kugonga, kwa kuwa nilimcheka mbele za watu. Na mimi nimeandika kosa hilo hilo jana, daftari likiwa wazi.* Akatia sahihi: Mama Wakesho, nyumba ya kwanza.

Mwandoe alisoma. Akavua kofia, akaivaa, akatoka kwenda kumwambia mama Mkamburi afungue mabegi. Hakufika mbali, king'ora kikalia.

Lilikuwa Jua Kuu la kwanza la mwaka huo, mapema kuliko walivyotarajia. Nje watu walianza kukimbia. Wanakamati walikimbia, Mwandoe alikimbia, mama Mkamburi alimshika binti yake mkono na mabegi yakabaki vumbini. Chumba cha mgao kikabaki na watu wawili: anayeshika zamu, na anayetoka, ambaye sasa hakuwa na ruhusa ya kugusa kibodi.

Mghoi akaketi. Programu ya anayetoka ilikwisha na zamu yake, naye alikuwa na dakika ishirini na tano za kuandika ya kwake. Aliandika bila haraka, na alipofika kwenye namba ya kuanzia mkono wake ulisita, kama alivyojua utasita. Ile ilikuwa nyumba yake, na alama ile ilikuwa ya nyumba zilizofungwa. Akaandika. Akamaliza mistari yote, akaweka idadi arobaini, akasoma tangu juu mpaka chini. Aliona iko sawa. Jana pia aliona iko sawa.

Akasogeza kiti pembeni.

"Baba Mkamburi," alisema, "hebu niangalizie."

Mwadime hakusogea mara moja. Kisha akaja, akainama, akaweka kidole kwenye skrini, akaanza kufuata neno kwa neno huku midomo ikicheza. Dakika zilikuwa zikienda. Mghoi hakumharakisha.

"Inaanza na sifuri," Mwadime alisema. Kidole kikateremka. "Inaongeza moja. Iko chini ya arobaini." Akarudi juu, akasoma tena yote, mpaka mwisho. "Iko sawa, Mama Wakesho."

Mghoi akabonyeza.

Milango ikajifunga kote Ndolwe kwa mshindo mmoja. Ndani ya ukuta bomba la kwanza likakohoa, likatetemeka, na maji yakaanza kupanda kwenda kwenye nyumba ya kwanza, ambako hakukuwa na mtu. Mghoi aliinuka akaweka kiganja chake juu ya bomba. Lilikuwa la baridi sana. Alisimama hapo mpaka maji yalipohamia kwa Mwandoe, na saa iliyofuata yaliporudi mwanzo, alikuwa bado amesimama.